Kluska Hana Uso

Kluska hana uso.
Ana kilo sitini na mbili, viungo ishirini na kimoja,
springi mahali pa misuli, na jina tulilompa kwa mzaha:
donge la unga, lile la kutumbukiza kwenye supu,
kwa jinsi alivyokuwa akijimwaga sakafuni
miezi yote ya kwanza.

Ghorofa ya nne, kiwanda cha zamani cha pamba, Łódź.
Vitambaa vimekwisha, madirisha yamebaki.
Nje theluji inaanguka bila kukosea;
ndani Kluska anaanguka, anakosea,
anaanguka tena.

Teofil alimwahidi pointi kwa kila hatua ya mbele.
Usiku kucha kompyuta ikatafuta njia,
asubuhi tukamkuta amejifunza kujitupa kifudifudi,
maana anayejitupa humpita anayetembea.
Kutangulia si kufika, nikamwambia,
tukamkata pointi kwa kila kishindo.
Akaanza kurukaruka kwa kisigino kimoja,
mkono ukipepea nyuma kama mkia.
Hatukumfundisha. Fizikia haina haya.

Kufikia Februari alitembea.
Ndipo kazi yenyewe ikaanza:
mtu yuko stesheni, ameshika sanduku,
anapewa habari. Sekunde kumi na moja.
Hana uso, kumbuka. Hana chozi.
Uchungu upite wapi?

Nikampunguzia mwendo: akawa mchovu.
Nikamwinamisha shingo: akawa anatafuta sarafu.
Nikalegeza springi za mabega
akawa koti juu ya msumari.
Nikaongeza mvutano wa dunia, kwa siri, kidogo tu,
nani angejua?
Magoti yakajua. Yakabanana
kama ya mtu aliyekosa choo.
Teofil alicheka hadi akapaliwa na tufaha.

Jumanne ile nilikuwa nimevaa vazi jeusi
lenye vitone hamsini na tatu vya kung'aa,
kamera kumi na mbili zikinitazama
nikibeba sanduku tupu, nikiliweka, nikilibeba.
Simu ikalia mezani. Dada yangu, Ludmiła.
Alitaja jina la kaka yetu Zenon,
akataja jina la hospitali,
kisha hakutaja kitu.
Nikarudisha simu mezani.
Sanduku lilikuwa bado mkononi.

Hakuna aliyekumbuka kuzima kamera.

Siku tisa baada ya mazishi nikafungua faili.
Vitone hamsini na tatu gizani, nyota zisizo na habari,
na katikati yao mtu.
Hakuinama. Hilo ndilo lililonishangaza.
Alisimama wima kuliko kabla,
akahamisha sanduku tupu kutoka mkono wa kulia
hadi wa kushoto, taratibu,
kana kwamba ndani mna mayai,
akatafuta pa kuliweka, asipaone,
na sakafu ilikuwa wazi mita nane kila upande.

Uzito ulikuja baadaye. Kwanza kisigino cha kushoto,
halafu nyonga, halafu mbavu zikasahau kufunguka.
Kati ya kujua na kubeba:
theluthi mbili za sekunde.

Teofil alisema, tuitumie ilivyo.
Kisha akaangalia kucha zake,
akasema, nisamehe, Jagna.

Sikumpa Kluska mwendo wangu.
Nilimpa ule ucheleweshaji tu, namba moja,
bila maelezo pembeni,
na pumzi, ambayo hatukuwahi kumpa;
nani hufikiri kwamba donge la unga linapumua?

Usiku ule alianguka mara mia nne.
Mara iliyofuata habari ikamfikia,
akanyooka. Akahamisha sanduku.
Akatafuta pa kuliweka.

Teofil aliacha kutafuna.

Asubuhi mteja ameandika: kazi safi,
ila huzuni haionekani. Hawezi kuinamisha kichwa?
Sijamjibu. Chini barabarani wanakwangua barafu kwa sepetu.
Kwenye skrini bado amesimama,
mbavu zinafunguka, zinafunga,
sanduku mkono wa kushoto.
Treni yake sijaiandika.